Ritifaa iliyopotea Garissa: Jinsi programu za C zinavyopaswa kugeuza maandishi

MFUGAJI anayefika katika soko la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, huenda akaitaja mali yake kwa lugha mbili kabla ya bei kukubaliwa. Kwa Kiswahili ni ng'ombe. Kwa Kisomali ni lo'. Maneno hayo mawili hayana asili moja, lakini yanafanana katika jambo dogo: yote mawili huandikwa kwa ritifaa.

Alama hiyo ndogo ni miongoni mwa zile zinazoharibika kwanza maandishi yanapovuka kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Chukulia karani anayepiga chapa orodha ya mauzo kwa tarakilishi ya Windows na kuituma kwa seva ya Linux iliyoko mbali. Ripoti inaporudi na kufunguliwa na programu iliyoandikwa bila uangalifu, neno ng'ombe linasomeka "ngâ€™ombe". Hakuna aliyekosea kuandika. Programu ndiyo iliyokosea kusoma.

Kosa hilo likitokea kwenye orodha ya mifugo, watu watacheka na kuendelea na shughuli zao. Likitokea kwenye jina la mtu, halichekeshi. Tarakilishi hulinganisha majina herufi kwa herufi, na jina lililopotoka alama moja huonekana kwake kuwa jina la mtu mwingine.

Katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya, jina lililo katika sajili lina uzito mkubwa. Kwa miaka mingi wakazi wa eneo hilo walilazimika kufika mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho cha kitaifa, utaratibu ambao Rais William Ruto alitangaza kuuondoa mnamo Februari 2025. Wako pia Wakenya walionyimwa vitambulisho kwa sababu waliwahi kuandikishwa katika sajili ya wakimbizi ya Dadaab. Matatizo hayo hayakuletwa na misimbo ya tarakilishi. Hata hivyo, yanaonyesha kwa nini anayeunda programu ya kuhifadhi majina ya watu wa eneo hili hana ruhusa ya kuzembea.

MIANDIKO MINGI, ENEO MOJA

Uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao tangu mwaka 2013 ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ni eneo lenye miandiko mingi kuliko wengi wanavyodhani. Kiswahili na Kiingereza hutumika ofisini na shuleni. Kisomali ndicho lugha ya nyumbani na sokoni. Kiarabu husomwa katika madrasa, na istilahi zake husikika katika Mahakama za Kadhi. Mandera nayo iko pale Kenya inapokutana na Somalia na Ethiopia, na upande wa Ethiopia hati rasmi huweza kuandikwa kwa mwandiko wa Kihabeshi unaotumiwa kwa Kiamhari.

Kisomali chenyewe kina historia ndefu ya kutafuta mwandiko. Mnamo miaka ya 1920, Osman Yusuf Kenadid alibuni herufi maalumu za lugha hiyo, ambazo leo hujulikana kama Osmanya. Baada ya mabishano ya miaka mingi, serikali ya Somalia chini ya Siad Barre ilitangaza mnamo Oktoba 21, 1972 kwamba Kisomali kingeandikwa kwa herufi za Kilatini.

Uamuzi huo ulikuwa na busara ambayo huenda waliouchukua hawakuitarajia. Badala ya kuongeza nukta na mistari juu au chini ya herufi, walizipa kazi mpya herufi za kawaida. Herufi c ikawa sauti ya ain ya Kiarabu, na x ikawa sauti ya ha ya kooni. Ndiyo maana Abdi huandikwa Cabdi, na Hassan huandikwa Xasan. Kwa hiyo herufi zote za Kisomali zinapatikana katika kibodi ya kawaida ya Kiingereza. Ritifaa, inayowakilisha sauti ya hamza, ndiyo alama ya ziada.

Katika mwaka huohuo wa 1972, Dennis Ritchie wa maabara za Bell nchini Marekani alikuwa akiijenga lugha ya programu inayoitwa C. Lugha hiyo ingali msingi wa mifumo endeshi, hifadhidata na vifaa vingi vinavyotumika duniani. Nayo ndiyo iliyorithi tatizo tunalolizungumzia.

BAITI SI HERUFI

C ilizaliwa katika enzi ya ASCII, orodha ya alama 128 iliyowekwa mwaka 1963. Orodha hiyo iliitosheleza Marekani. Kila alama ilikaa katika baiti moja, na waundaji programu wakazoea kudhani kwamba baiti na herufi ni kitu kimoja. Hata jina la aina ya data inayobeba baiti katika lugha ya C, yaani char, lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya herufi.

Baiti moja inaweza kubeba thamani 256, na ASCII ilitumia nusu tu. Kila kampuni na kila nchi ikajaza nusu iliyobaki kwa namna yake. Microsoft ilikuwa na jedwali la 1252 kwa lugha za Ulaya Magharibi na jedwali la 1256 kwa Kiarabu. Matokeo yake ni kwamba baiti ileile ilikuwa na maana mbili. Thamani C7 katika jedwali la 1256 ni alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu. Katika jedwali la 1252 ni Ç ya Kifaransa. Faili lenyewe halisemi ni jedwali gani lililotumika, kwa hiyo anayelisoma asipoambiwa hubahatisha.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991, ilikusudiwa kumaliza ubahatishaji huo. Kila herufi ya kila mwandiko inapewa namba yake pekee. Orodha yote ina nafasi 1,114,112. Ritifaa iliyonyooka ni namba 0027 katika hesabu ya msingi wa 16, na ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila kuulizwa, ni namba 2019. Osmanya iliingizwa katika toleo la 4.0 la mwaka 2003, ikiwa na herufi 30 na tarakimu 10.

Namba ni jambo moja, na jinsi ya kuiandika kwa baiti ni jambo jingine. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Njia ya UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, hutumia baiti moja hadi nne kwa kila herufi, na maandishi ya ASCII hubaki yalivyokuwa. Njia ya UTF-16 hutumia vipande vya biti 16, kimoja au viwili. Njia ya UTF-32 hutumia biti 32 kwa kila herufi.

Sasa kisa cha "ngâ€™ombe" kinaeleweka. Katika UTF-8, ritifaa iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu: E2, 80 na 99. Programu inayodhani kwamba inasoma jedwali la 1252 huziona baiti hizo kuwa alama tatu tofauti, na kila moja huchapishwa kivyake.

MAHALI MIFUMO INAPOTOFAUTIANA

Mwundaji programu angeweza kutarajia kwamba C yenyewe inatoa suluhisho moja kwa mifumo yote. Lugha hiyo ina aina ya data iitwayo wchar_t, iliyokusudiwa kubeba herufi pana. Lakini kiwango rasmi cha C hakikusema upana huo uwe kiasi gani. Katika Windows ni biti 16. Katika Linux na macOS ni biti 32.

Chanzo cha tofauti hiyo ni historia. Windows NT ilipotoka mwaka 1993, Unicode ilikuwa ikitarajiwa kutoshea katika biti 16. Mwaka 1996, toleo la 2.0 lilipanua orodha kupita mpaka huo, na Windows ikalazimika kuzigawa herufi za juu katika vipande viwili.

Osmanya inaonyesha tatizo hilo waziwazi. Herufi yake ya kwanza ni namba 10480, inayozidi uwezo wa biti 16. Katika Linux, herufi hiyo hukaa katika wchar_t moja. Katika Windows huhitaji mbili, yaani D801 ikifuatwa na DC80. Programu inayohesabu herufi kwa kuhesabu wchar_t itatoa jibu la moja katika Linux na la mbili katika Windows. Ikikata maandishi katikati ya jozi hiyo, kila upande unabaki na kipande kisicho na maana.

Kwa hiyo kuandika wchar_t moja kwa moja ndani ya faili na kutarajia tarakilishi nyingine iisome ni kosa. Kiwango cha C cha mwaka 2011 kilileta char16_t na char32_t, ambazo majina yake yanaonyesha ukubwa uliokusudiwa, na kile kinachojulikana kama C23 kikaongeza char8_t. Aina hizo hupunguza utata, ingawa hazimwondolei mwundaji programu wajibu wa kujua anabeba nini.

Tofauti nyingine imejificha ndani ya char yenyewe. Katika tarakilishi nyingi za Intel, char huweza kuwa na thamani hasi, ilhali katika Linux inayoendeshwa na vichakataji vya ARM kwa kawaida haiwi hasi. Sharti linalouliza iwapo baiti imezidi 127 litafanya kazi katika ARM na lisitimie kamwe katika Intel. Dawa yake ni kutumia unsigned char kila baiti za maandishi zinapochunguzwa moja moja.

KANUNI YA MLANGONI

Kanuni ambayo imesaidia programu nyingi ni rahisi kuitaja: ndani ya programu, maandishi yawe ya msimbo mmoja tu, na kugeuza kufanyike mlangoni, yaani pale maandishi yanapoingia na pale yanapotoka. Kwa programu inayokusudiwa mifumo mingi, UTF-8 ndiyo inayofaa zaidi kuwa msimbo huo wa ndani.

Katika Linux na macOS, mlango huo kwa kawaida ni iconv, iliyomo katika kiwango cha POSIX. Mwundaji programu hufungua mgeuzo kwa iconv_open, hugeuza kwa iconv na hufunga kwa iconv_close. Wengi hujikwaa mwanzoni kabisa, kwa kuwa iconv_open hutaja kwanza msimbo unaokwenda, kisha msimbo unaotoka. Kugeuza faili la Kiarabu la jedwali la 1256 kuwa UTF-8, UTF-8 hutangulia.

Funksheni ya iconv inaposhindwa, husema sababu, na sababu hizo tatu zinahitaji majibu tofauti. EILSEQ humaanisha kwamba baiti zilizosomwa si halali katika msimbo uliotajwa. E2BIG humaanisha kwamba nafasi ya kuandikia imejaa, kwa hiyo iongezwe na kazi iendelee. EINVAL humaanisha kwamba maandishi yameishia katikati ya herufi.

Hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Faili kubwa husomwa kwa vipande, tuseme baiti 4,096 kwa wakati. Herufi nyingi za Kiarabu huchukua baiti mbili katika UTF-8, kwa hiyo baiti ya kwanza inaweza kuangukia mwisho wa kipande kimoja na ya pili mwanzo wa kinachofuata. Programu sahihi huihifadhi baiti iliyobaki na kuiunganisha na kipande kipya. Programu mbovu huitangaza kuwa kosa na kuitupa, na jina moja kati ya maelfu hupoteza herufi bila yeyote kugundua.

Katika Windows, mlango ni MultiByteToWideChar wakati wa kuingia katika UTF-16 na WideCharToMultiByte wakati wa kutoka. Kwa UTF-8 hutajwa CP_UTF8. Huitwa mara mbili: kwanza kuuliza nafasi inayohitajika, kisha kugeuza. Ni muhimu kutumia alama ya MB_ERR_INVALID_CHARS, kwani bila hiyo baiti mbovu hupita kimyakimya na kuacha alama ya kujazia badala ya herufi halisi.

Majina ya faili yana kanuni zake. Katika Linux, jina la faili ni mfululizo wa baiti. Katika Windows ni vipande vya biti 16, na funksheni ya kawaida ya fopen hutumia jedwali la zamani la tarakilishi husika. Faili lililopewa jina la Kiarabu huenda lisifunguke kabisa. Njia ya kuaminika ni kugeuza jina kuwa UTF-16 na kutumia _wfopen. Tangu toleo la 1903 la Windows 10, lililotoka mwaka 2019, programu inaweza pia kuomba UTF-8 iwe jedwali lake.

Kwa wanaohitaji zaidi ya kugeuza misimbo, kama vile kupanga majina kwa taratibu za lugha fulani, ipo maktaba ya programu iitwayo ICU, inayotumika katika Windows, Linux na mifumo mingineyo. Ni kubwa, lakini huepusha kazi ya kubuni upya yaliyokwisha kubuniwa.

NAFASI NA UKOMO

Funksheni ya strlen huhesabu baiti, si herufi. Jina Muhammad kwa Kiarabu lina herufi nne, yaani mimu, ha, mimu na dali. Katika UTF-8 huchukua baiti nane. Herufi ya Osmanya huchukua nne kila moja. Aliyetenga nafasi ya baiti 20 akidhani ametenga herufi 20 atalikata jina refu, na pengine atalikata katikati ya herufi.

Kuna hesabu mbili zinazofaa kukumbukwa. Kutoka UTF-16 kwenda UTF-8, baiti tatu kwa kila kipande cha biti 16 hutosha daima, pamoja na moja ya kufungia. Kutoka jedwali la 1256 kwenda UTF-8, baiti tatu kwa kila baiti hutosha. Ikibidi kukata maandishi, programu irudi nyuma hadi mwanzo wa herufi. Jambo hilo ni rahisi katika UTF-8, kwa kuwa kila baiti ya kuendeleza huwa kati ya 80 na BF.

Usalama nao umo. Zamani iliwezekana kuandika alama moja kwa UTF-8 kwa namna zaidi ya moja, na wadukuzi walitumia mwanya huo kupitisha alama zilizokatazwa. Maelezo rasmi ya mwaka 2003, yanayojulikana kama RFC 3629, yanakataza miandiko hiyo mirefu kupita kiasi. Programu inayopokea maandishi kutoka nje haina budi kuyakagua kabla ya kuyatumia.

Alama iitwayo BOM, ambayo programu nyingi za Windows huitanguliza katika faili la UTF-8, huleta usumbufu mwingine. Ni baiti EF, BB na BF, nazo hazionekani kwenye skrini. Zisipoondolewa wakati wa kusoma, neno la kwanza la faili halilingani na neno lolote lililoko katika hifadhidata.

YASIYOWEZA KUGEUZWA

Baada ya yote hayo, mgeuzo ulio sahihi kabisa bado haumalizi kazi. Maandishi mawili yanaweza kuwa halali na bado yakatofautiana. Alifu yenye hamza juu yake ina namba yake, 0623, lakini pia huweza kuandikwa kwa alifu ya kawaida, 0627, ikifuatwa na hamza ya juu, 0654. Machoni mwa msomaji ni kitu kimoja. Kwa tarakilishi ni vitu viwili, hadi programu iyaweke maandishi yote katika umbo moja kabla ya kuyalinganisha.

Ritifaa ni ngumu zaidi, kwa sababu ile iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama tofauti kabisa mbele ya Unicode. Programu inayotafuta lo' haina budi kuzikubali zote mbili. Zaidi ya hayo, funksheni ya isalpha haiihesabu ritifaa kuwa herufi. Programu inayogawa maneno kwa kuitegemea itaikata ng'ombe kuwa "ng" na "ombe".

Kisha kuna suala la tahajia. Mtu yuleyule anaweza kuwa Abdi Hassan katika hati ya Kenya na Cabdi Xasan katika hati iliyoandikwa kwa Kisomali. Hakuna iconv inayoweza kulitatua hilo, wala haifai kujaribu. Programu inaweza kumwonyesha karani majina yanayokaribiana ili aamue, lakini haina mamlaka ya kubadilisha jina la mtu kwa ajili ya urahisi wake.

Kwa sababu hiyo, chaguo la iconv linaloruhusu herufi zisizogeuzika kudondoshwa au kubadilishwa kwa zinazofanana nazo halifai katika sajili za watu. Afadhali programu isimame na kusema kwamba imeshindwa kusoma jina lililo katika mstari fulani, na faili asilia lihifadhiwe bila kuguswa. Kosa linaloonekana lina mtu wa kulirekebisha. Kosa lililofichwa humsubiri mwenye jina siku atakapofika dirishani na kuambiwa hayumo.

JARIBIO LA DAKIKA CHACHE

Mwundaji programu hahitaji maabara kubwa ili kujua iwapo kazi yake inafaa. Anahitaji faili dogo lenye maneno machache: ng'ombe na lo' kwa ritifaa za aina zote mbili, jina Muhammad kwa Kiarabu, neno moja la Kihabeshi na herufi ya kwanza ya Osmanya. Faili hilo lisafirishwe kutoka Windows hadi Linux na kurudi, lisomwe kwa vipande vya baiti moja moja, kisha lilinganishwe na lile la mwanzo.

Likirudi bila tofauti hata ya baiti moja, kazi imeanza vyema. Likirudi na tofauti, ni heri igunduliwe mezani kwa mwundaji programu kuliko katika foleni ya vitambulisho mjini Mandera. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika sajili ya majina, ufa huo waweza kuwa mdogo kama ritifaa.